Mume, Dume na Mbezaji: Uhakiki wa Maneno ya Uanaume kwa Ushahidi wa Robanda

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili wa miaka hii, istilahi moja imepata nguvu kupita nyingine zote za jamii yake, nayo ni "mfumo dume". Mwanafunzi aonapo katika riwaya baba akimpiga binti yake, au mzee akipokea ng'ombe kwa ajili ya msichana asiyetaka kuolewa, huandika kwamba huo ni mfumo dume, kisha huweka kalamu chini kana kwamba kazi imekwisha. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba istilahi hiyo, ingawa ina kazi yake, imechanganya mambo mawili yapasayo kutenganishwa: uanaume, ambao ni cheo chenye wajibu, na tabia ya kuwabeza wanawake, ambayo si sharti la cheo hicho. Ushahidi nitautoa katika Kiswahili cha Robanda na vijiji jirani, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, kisha nitaupeleka katika riwaya moja tuijuayo sote.

Tuanze na umbo la neno. Mzizi -ume watupa "mume", "mwanamume" na "kiume". Watupa pia "dume", katika ngeli ya ji-/ma-, ambayo mara nyingi ni ngeli ya kukuza. Dume kwa asili ni la mnyama: dume la nyati, dume la mbuzi. Mtu akiitwa dume, ama asifiwa kwa nguvu zake ama ashutumiwa kwa ukosefu wa utu. Basi aliyeunda istilahi "mfumo dume" alichukua jina la mnyama akaliambatisha na utaratibu wa watu. Kwa shutuma lafaa. Kwa uchambuzi lina hatari, maana lashawishi msomaji kudhani kwamba dhuluma yatoka katika mwili wa kiume wenyewe, kama pembe zitokavyo katika kichwa cha nyati.

Sarufi yatuonya tusiamini hivyo. Kila mjuzi wa Kiswahili ajua kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda ni ya mmoja, kauli ya kutendwa ni ya mwingine. Wengi wameiona tofauti hii kuwa ni hukumu ya lugha juu ya jinsia. Lakini miongoni mwa Wakurya wa Tarime na Serengeti iko desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye umri, aghalabu mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe akamleta nyumbani mwanamke mdogo. Huyu huzaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto huwa wa nyumba ya yule bibi. Katika maelezo mengine bibi husimama mahali pa mume. Katika mengine husimama kwa niaba ya mwana wa kiume ambaye hakuzaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo yaitaja ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, haikuipa desturi hiyo nafasi. Lugha imeipa: msemaji wa Kiswahili wa huko husema, pasipo mzaha, kwamba mama yule ameoa.

Sentensi hiyo fupi ni ushahidi mkubwa. Kauli ya kutenda haikufuata mwili. Ilimfuata mtoa mahari, mwenye nyumba, mwenye kuwajibika kwa watoto. Uanaume hapa ni kiti, na mwanamke amekikalia. Tuulinganishe na usemi mwingine ambao msomaji ameusikia Pwani na Bara: mwanamume aishiye katika nyumba ya mkewe huchekwa kwamba "ameolewa". Hapa pia kauli imekiacha kiwiliwili ikafuata mali, lakini roho ya usemi ni nyingine kabisa. Usemi wa kwanza wampandisha mwanamke pasipo kumtusi mwanamume. Usemi wa pili hauna maana isipokuwa msikilizaji akubali kwanza kwamba kuwa mahali pa mwanamke ni aibu. Huo ndio mpaka ninaoutafuta. Uanaume wajieleza kwa kutaja mzigo unaouchukua; kubeza wanawake hakuwezi kujieleza pasipo kumtaja mwanamke kwa dharau.

Methali ya kale yasema kwamba mume ni kazi, mke ni nguo. Nusu ya pili yaweza kulaumiwa, kwa kuwa yamfanya mke kuwa mtu wa kuvikwa tu, na mwanamke wa Mara alimaye mtama na mihogo angeishangaa. Nusu ya kwanza, hata hivyo, yaeleza uanaume kwa kitu kipimikacho. Kwa Waikoma wa Robanda kazi hiyo ilikuwa pamoja na uwindaji. Majirani zao Wanata husimulia asili yao kwa mkutano wa mwindaji Nyamunywa na mwanamke mkulima Nyasigonko: mmoja ana nyama, mwingine ana nafaka, na kabila lazaliwa kwa sababu kila mmoja amhitaji mwenziwe. Katika simulizi hiyo uanaume wa mwindaji hauhitaji kumshusha mkulima ili uonekane.

Lakini kazi yaweza kuondoka na jina likabaki. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti yakafuata mwaka 1994. Kijana wa Robanda leo azaliwa karibu na lango la hifadhi, naye akiwinda kama babu yake alivyowinda ataitwa jangili mbele ya mahakama. Sisemi kwamba hifadhi imeleta dhuluma majumbani. Sina ushahidi wa kusema hivyo, na dhuluma ni ya kale kuliko hifadhi. Nasema tu kwamba penye cheo kisicho na kazi hapana budi mwenye cheo atafute alama nyingine ya kujulikana, na iliyo karibu naye kuliko zote ni fimbo.

Kwa taa hii tuitazame *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa, 1971. Mandhari yake ya kwanza ni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa lilelile ambalo mkoa wa Mara wapakana nalo. Zakaria, baba wa Rosa, ampiga binti yake kwa sababu ya barua na fedha zilizotoka kwa Charles. Wahakiki wengi humtaja Zakaria kuwa ni mfano wa mfumo dume, yaani mwanamume aliyezidi. Naona wamesoma upesi mno. Zakaria ni mlevi, na mzigo wa nyumba waelekea upande wa Regina mkewe. Kwa kipimo cha methali yetu, Zakaria amepungukiwa na uanaume, na fimbo yashika nafasi ya kile kilichopungua. Mhakiki amwitaye dume, pasipo kujua, ampa sifa ambayo yeye mwenyewe angeifurahia kilabuni.

Zaidi ya hayo, fimbo ya Zakaria imewazuia wahakiki wasimwone Charles. Kijana huyu hana fimbo. Amesoma, ni mpole, ampenda Rosa. Hata hivyo ajuapo kwamba mchumba wake si bikira, amwacha, na Rosa ajiua. Tukimtafuta dume katika sura hizo hatutamwona. Tukiuliza ni nani aliyempima mwanamke kama kitu kinachochakaa, jibu li wazi. Hapa hata msemo wa kawaida "chuki dhidi ya wanawake" hautoshi, maana Charles hachukii. Apenda na kubeza kwa moyo mmoja. Ndiyo sababu napendekeza "ubezaji wa wanawake", kwa kuwa mtu huweza kumbeza amwonaye kila siku, amlishaye na amwitaye mpenzi.

Mpinzani atasema: mfumo ni mfumo, haulazimu kila mshiriki awe mbaya, wala haulazimu awe mwanamume. Pingamizi hili ni la haki. Katika mkoa wa Mara kisu cha ukeketaji kwa kawaida hushikwa na ngariba, naye ni mwanamke. Sheria ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, hali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Nyumba ntobhu nayo yaweza kuwa kimbilio kwa mwanamke aliyechoka na kipigo. Na yaweza pia kuwa mahali ambapo msichana maskini anunuliwa kwa ng'ombe na mwanamke mwenziwe, asiulizwe neno. Mambo haya yathibitisha kwamba mfumo upo. Lakini yathibitisha vilevile kwamba ubezaji hauna jinsia moja, na neno "dume" latuficha jambo hilo.

Basi rai yangu kwa watunga kamusi na wahakiki ni hii. "Mfumo dume" libaki kwa utaratibu wa mamlaka na mali. "Uanaume" litumike kwa cheo na wajibu wake, pasipo sifa wala lawama ndani yake. "Ubezaji wa wanawake" litaje dharau yenyewe, popote iwapo na kwa yeyote aliye nayo. Mwalimu afundishaye *Rosa Mistika* ataweza kumwuliza mwanafunzi maswali matatu mahali pa moja, na mvulana wa Robanda aliyeketi darasani hatalazimika kuchagua kati ya kumtetea Zakaria na kuona aibu ya kuzaliwa mwanamume.

Sikupata nafasi ya kupima jinsi lugha za Kiikoma, Kinata na Kingoreme zenyewe zitofautishavyo kuoa na kuolewa pale mtoa mahari awapo mwanamke. Wasomaji wazijuao lugha hizo watafanya hisani kubwa wakileta mifano yao, hasa ile itakayoonyesha kwamba nimekosea.