Sikinde Imekaa Wapi Ndani ya Wimbo

Wapenzi wa muziki wa dansi huko Kibaha na Kisarawe wana ubishi usiokwisha: Sikinde imetoka wapi? Uwakute Maili Moja au Maneromango, redio ikipiga zilipendwa, hawakawii kuuanza. Mmoja anashikilia kwamba ile ni rumba ya Kongo, sisi tuliongeza Kiswahili tu. Mwingine anarudi nyuma zaidi, kwenye santuri za Cuba zilizoenea pwani kabla ya Uhuru. Wa tatu, na mara nyingi huyu ni Mzaramo, anakata shauri: jina ni la ngoma yetu, basi na muziki ni wetu.

Wa tatu ana haki ya kusikilizwa. Mlimani Park Orchestra ilianzishwa mwaka 1978, ikaingia mikononi mwa shirika la DDC mwaka 1983, na mtindo wake iliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Watani wao wa jadi walianza mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz, wakawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma, jina la ngoma ile ndefu inayopigwa unyagoni. Tena Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimba pande zote mbili, alizaliwa Masaki, Kisarawe, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2014. Mashabiki wanaogawana Msondo na Sikinde kama timu mbili za mpira husahau kwamba koo lilikuwa moja, likihama jukwaa.

Hata hivyo jina peke yake halithibitishi kitu. Rolling Stones wa Uingereza walichukua jina lao kwenye wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, na bado mashabiki wao wanabishana ni kiasi gani cha Mississippi kilichofika London. Ubishi wa namna hiyo unapata maana pale tu tunapoingia ndani ya wimbo wenyewe na kuuliza umejengwaje.

Wimbo wa Mlimani Park wa miaka ile ya mwanzo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno. Magitaa yanafungua, tarumbeta na saksafoni zinatangaza, kisha mwimbaji anaanza kueleza yaliyomfika, bila haraka, ubeti baada ya ubeti. Ya pili ni chemko: maneno yanapungua, magitaa yanakolea, watu wanaingia ukumbini kucheza. Mzaramo wetu akisikia hivyo hudai ushindi papo hapo, kwamba hiyo ni ngoma, kwanza kisa kisha mdundo. Lakini mgawanyo huo Wacuba wanao katika son, na Wakongo wanao katika sebene. Mwenye kuusimamisha kama shahidi wake wa pekee atashindwa kesi.

Ushahidi mzito zaidi umo ndani ya chemko. Sikiliza magitaa moja moja. La rithimu linashika kifungu kifupi na kukirudia bila kuchoka. Solo la pili linapenya kwenye nafasi alizoacha wa rithimu. Kifungu chake nacho ni kifupi, na ukikitenga peke yake kinasikika kama sentensi iliyokatwa katikati. Solo linapita juu yao, besi linatembea chini likiacha mapengo makubwa. Hakuna hata moja lenye wimbo mzima. Wimbo unapatikana pale wanapokutana. Sasa kumbuka chapuo, msondo na vumi zinavyogawana kazi katika ngoma za pwani: kila mpigaji ana neno lake dogo, na mchezaji anacheza kile kinachozaliwa kati ya maneno hayo. Kwa sikio langu, hapo ndipo ngoma ilipoingia kwenye dansi. Tumba iliyo jukwaani inaonekana zaidi, lakini kazi ya ngoma imebebwa na nyuzi.

Ndiyo maana hoja ya kwamba Sikinde imenakili mapigo fulani ya Kizaramo hainiridhishi. Waliounda bendi ile hawakuwa Wazaramo watupu. Joseph Mulenga, mpiga solo, alikuwa Mzambia. Michael Enoch aliyeshika saksafoni na uongozi alikuwa amepitia Dar es Salaam Jazz. Watu wa asili mbalimbali hawawezi kuurithi mdundo mmoja wa kijiji. Wanachoweza kukubaliana ni namna ya kugawana kazi, na hiyo walikubaliana vizuri kuliko bendi nyingine yoyote ya wakati wao.

Jambo la pili limo katika maneno, na nashangaa mashabiki wanavyolipita. Tazama majina ya nyimbo tu: “Nawashukuru Wazazi”, “Barua Toka kwa Mama”, “Talaka ya Hasira”. Kila moja ni shauri lililoletwa mbele za watu. Halafu kuna “Mtoto Akililia Wembe”, ambao jina lake ni nusu ya methali. Nusu ya pili haikuandikwa, wala haikuhitajika, kwa sababu kila aliyekulia katika Kiswahili ataimalizia mwenyewe. Wimbo haujapigwa bado, na msikilizaji ameshaitikia. Ngoma inategemea hilo: mwimbishaji anatupa neno, walio duarani wanalipokea. Mlimani Park waliliingiza hata kwenye jina la wimbo.

Ndani ya nyimbo kazi hiyo inaendelea kwa sauti. Hassan Rehani Bitchuka anapanda juu, sauti nyembamba na kali. Gurumo anabaki chini, mzito, kama mjomba aliyeitwa kusuluhisha. Wanapoimba pamoja husikii kiongozi na msindikizaji. Unasikia wawili wanaolijua shauri moja. Kisha tarumbeta zinajibu. Wengi huzichukua kuwa pambo la kujaza nafasi, nami nadhani hilo ndilo kosa kubwa la usikilizaji katika ubishi huu. Zinaingia mwimbaji anapomaliza kauli, zinakaa pale ambapo waitikiaji wangekaa, zinanyamaza anaporudi. Ukiziondoa, mwimbaji anabaki akisema peke yake, na mantiki ya wimbo inavunjika.

Kwa hiyo aliye Kibaha anayesema Kongo hajakosea: ladha ya magitaa, mwendo wa besi na utamu wa sauti mbili vimepita Kinshasa, na kabla ya hapo Havana. Anachokosa ni kueleza kwa nini wimbo wa Mlimani Park hautoshelezwi na mpenzi mmoja aliyeachwa, kwa nini kila mara unaita mama, wazazi, jirani, mashahidi. Rumba nyingi za Kongo zinamlilia mtu mmoja. “Neema” ya Cosmas Chidumule wa Mlimani Park nayo inamwita mtu mmoja kwa jina lake, na bado chemko linapofika, jina hilo ni la ukumbi mzima; aliyekuja DDC Kariakoo na mke wake anaweza kuliitikia bila kuulizwa Neema ni nani.