Kanivali Isiyojibiwa: Tathmini ya Tamasha la Wanafunzi wa Vyuo Mombasa

Lawama iliyozoeleka dhidi ya kanivali ya wanafunzi wa vyuo vikuu ni kwamba ni kitu cha kuletwa. Husemwa kuwa jina lake limetoka katika sikukuu za Wakatoliki wa Ulaya zinazotangulia Kwaresima, na magari yake yaliyopambwa yametoka Trinidad na Brazil. Lawama hii haina uzito Mombasa. Mji uliolichukua tarumbeta la askari wa kikoloni ukalifanya beni hauwezi kuambiwa kwamba kuiga ni aibu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma hiyo, ameonyesha jinsi vyama vya beni vilivyozuka katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Tanganyika na kwingineko. Mjini Mombasa chama cha Scotchi, ambacho wachezaji wake waliiga mavazi ya askari wa Scotland, sketi zao za marinda zikiwamo, kilishindana na chama cha Kingi. Hapakuwa na kitu kigeni kuliko vazi lile, wala kitu cha Kimombasa kuliko ushindani ule.

Kwa hiyo, mhakiki anayetaka kuitathmini kanivali ya chuo hana budi kuliacha swali la asili yake, aulize inafanya nini mbele ya hadhira yake. Muundo wake unajulikana, maana vyuo vingi vya Kenya vina tamasha au wiki ya utamaduni ya namna hii. Asubuhi huwa na maandamano, wanafunzi wakijipanga kwa makabila, kila kundi na vazi lake na chakula chake. Mchana huwa na mashindano ya mavazi na uteuzi wa mlimbwende wa mwaka, na usiku ni muziki wa disko. Waamuzi huketi meza kuu wakatoa alama, vikombe vikagawiwa, na kesho yake uwanja ukafagiwa. Kamati inapoketi kutathmini, huhesabu vichwa vya waliohudhuria na fedha za wadhamini. Umbo hilohilo, kwa kiwango kikubwa zaidi, limeonekana katika Kanivali ya Mombasa, ambayo ada yake imekuwa kupita katika Barabara ya Moi, kisiwani, mwezi wa Novemba.

Kinachokosekana katika muundo huu ni jibu. Katika lelemama ya wanawake wa Mombasa, ambayo Margaret Strobel ameieleza katika utafiti wake uliochapishwa 1979, vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada havikupita mbele ya watazamaji na kwenda zao. Chama kilichorushiwa fumbo kilirudi nyumbani kikatunga, na watu wakasubiri. Mshindi hakutangazwa mezani. Hukumu ilikuwa mitaani, kwa wimbo ulioendelea kuimbwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu 1840, nayo yamejaa majibizano ya Mvita na wapinzani wake. Ni dhahiri kwamba pwani hii ilikuwa na utaratibu wake wa uhakiki kabla neno lenyewe halijaingia katika mihtasari ya vyuo, na utaratibu huo ulimpa mtazamaji kazi ya kufanya. Mikhail Bakhtin aliandika kwamba kanivali haina jukwaa linalowatenga wachezaji na watazamaji. Kwa kipimo hicho lelemama ilikaribia kuwa kanivali kuliko kanivali yenyewe.

Haya hayasemwi kwa kuililia jadi. Ushindani ule ulikula mali na kuwagombanisha jamaa, na vijembe vingine vilikuwa matusi yaliyotiwa vina. Lakini hata kijembe kilimtaka mtunzi aijue lugha na amjue mpinzani wake. Mwanafunzi anayeandamana akiwa amevaa ngozi ya kukodi hatakiwi kujua lolote kati ya hayo.

Maandamano ya makabila yanadai uchunguzi zaidi, hasa yakipelekwa ng'ambo ya kisiwa. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na askari wakauawa. Katika wiki zilizofuata makumi ya raia waliuawa na maelfu wakahama, wengi wao wakiwa watu wenye asili ya bara waliosakwa kwa sababu ya asili hiyo. Watu wa Likoni waliokuwa watoto mwaka ule leo ni wazazi. Kuwapitishia vijana waliopangwa mafungu kwa kabila, kila fungu na bendera yake, na kuliita jambo hilo umoja wa kitaifa, ni kutoijua hadhira.

Mpango mwingine upo, na haukubuniwa na mtu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hati yake 2013, kiko Tudor, kisiwani; lakini wanafunzi wengi wa mji huu hupanga vyumba Kisauni, Likoni na Changamwe. Wa Kisauni huvuka daraja la Nyali, wa Likoni hungoja kivuko, wa Changamwe hupita Makupa pamoja na malori ya bandari. Kila upande una kero zake na misemo yake, na kila upande una Mdigo, Mluo, Mkamba na Mswahili ndani ya ploti moja. Vikundi vikiundwa kwa makazi, kila kimoja kitakuwa na la kusema na wa kuambiwa. (Mashindano ya mitaa si mageni hapa: Changamwe ni jina la mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana.)

Mazoezi nayo yafanywe hadharani, katika viwanja vya huko huko ng'ambo, saa za alasiri, ili mwanafunzi wa kike asilazimike kuvuka usiku. Mfano upo Kamiriithu, karibu na Limuru, ambako 1977 wanakijiji walihudhuria mazoezi ya *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, wakawasahihisha waigizaji, hata tathmini ikawa sehemu ya utunzi. Siku ya tamasha yenyewe itoe nyimbo tu, bila alama. Majibu yaimbwe wiki mbili baadaye, katika uwanja wa kikundi kilichojibiwa, na waamuzi, kama ni lazima wawepo, watoke miongoni mwa watunzi na wachezaji wa sengenya, vugo na chakacha wa mitaa hiyo.

Gharama ya mpango huu si kubwa, kutunga hakukodishwi. Ugumu uko kwingine. Wanafunzi wakiruhusiwa kutunga juu ya makazi yao, wataimba juu ya kodi ya vyumba, juu ya foleni ya kivuko, juu ya karo, na pengine juu ya mdhamini mwenyewe. Kibali cha mchezo wa Kamiriithu kilifutwa Novemba 1977, wiki chache tu baada ya kuanza kuonyeshwa. Kamati ya tamasha inayotaka nyimbo zipitiwe ofisini kwanza ijue kwamba kikundi cha upande wa pili hakitakuwa na neno la kujibu.