Hesabu ya Reli ya Nachingwea

Hapa Daudi hakuna reli, wala haijapata kuwako. Anayelima vitunguu saumu huvipakia kwenye lori, na stesheni ya kutumainia ni ya Arusha. Huenda msomaji akashangaa kwamba mzee wa Mbulu amekaa miaka mingi akisumbuliwa na reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyokuwa mbali na ambayo haipo tena. Sababu ni kwamba niliifundisha vibaya.

Mwaka 1976, nikiwa mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo swali. Reli inaingiza kiasi fulani kwa mwaka na inatumia kiasi kikubwa zaidi, je, ifungwe? Nikawaambia mfano wenyewe ni reli ya kusini. Wote wakajibu ifungwe, isipokuwa kijana mmoja wa Masasi, aliyeandika kuwa swali halikusema wakulima watapanda nini baadaye. Nikamwekea alama ya kosa.

Nisiwaonee walioifunga. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947, na mpango huo ukavunjwa 1951 baada ya kuteketeza paundi milioni 36 hivi. Ajabu ni kwamba ujenzi uliendelea hata baada ya karanga kushindwa: reli ikaunganishwa na bandari ya Mtwara 1954, na tawi la Masasi likafunguliwa 1958. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa. Nchi iliyotoka kupata uhuru haikuwa na fedha za kuendesha mabehewa matupu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni juu ya kung'oa. Gharama za reli ni za namna mbili, na mimi darasani nilizichanganya. Kuna mafuta, mishahara na matengenezo. Treni ikisimama, nyingi kati ya hizo zinakoma. Halafu kuna tuta, madaraja na makalvati, ambayo yamekwisha kulipiwa. Ukifunga reli hurudishiwi hata senti. Ukiondoa vyuma unapata bei ya vyuma, naam, lakini atakayeitaka reli kesho ataanza kulipa upya. Bei ya chuma iliandikika daftarini. Thamani ya kungoja haikuwa na safu yake.

Na kusini kukawa na korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi, miaka kumi na kidogo tu tangu reli ifungwe. Zikabebwa kwa malori, juu ya barabara za fedha za umma. Je, reli ingelipa? Siapi: korosho ni mzigo wa msimu, tena zao lenyewe lilianguka vibaya kabla miaka ya 1970 haijaisha. Lakini hasara ya reli iko katika kitabu kimoja na gharama ya barabara katika kingine, na swali langu lilifungua kimoja tu.

Linganisha na reli yetu ya kaskazini, ya kutoka Tanga. Mkonge uliporomoka. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichotumia fosfeti ya Minjingu, hapa jirani Babati, kikafungwa 1991. Treni za abiria zikakoma katika miaka hiyo ya 1990, za mizigo zikafuata baadaye, vichaka vikaota katikati ya mataruma. Mhasibu yeyote angeiita maiti. Ila vyuma viliachwa mahali pake; mwaka 2019 treni ikafika Moshi tena, na 2020 ikaingia Arusha. Ukarabati ule ulikuwa na gharama, tena si ndogo, lakini haukuwa ujenzi wa reli mpya. Kusini wamezungumzia kwa miaka reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, na hiyo italazimu kuanzia kwenye taruma la kwanza.

Kijana yule wa Masasi alimaliza chuo akiwa na wino wangu mwekundu kwenye karatasi yake. Sikuwahi kumwandikia.