Malkia Anapoachwa Aliwe

Mtu aliyekulia kwenye drafti huja kwenye sataranji na mkono mwepesi. Kwenye drafti kula ni lazima; mpinzani akikulisha kete, huna budi kuila hata kama mtego unauona. Sataranji imemwachia mchezaji hiari, na humo ndimo ulimo ufundi ninaouheshimu kuliko wote: kuuzuia mkono malkia wa mpinzani anapoachwa mbele yako, ukapima kwanza.

Hesabu ya wanaoanza inajulikana. Malkia pointi 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, kitunda 1. Kwa hesabu hiyo, mle. Na mara nyingi ndivyo ilivyo: watu husahau, malkia hupotea bure, na anayesita kwa kuogopa mtego usiokuwepo anautupa ushindi. Aliyempoteza malkia hatishi tena kila upande wa ubao. Aliyebaki na wake hubadilishana kete mojamoja hadi nguvu yake ikakosa wa kuizuia.

Lakini pointi hazisemi ni kete gani inayokula, wala inaacha nini nyuma yake. Légal, bingwa wa Paris wa karne ya 18 aliyemfundisha mchezaji mashuhuri Philidor, alibanwa farasi wake na askofu wa mpinzani, malkia akiwa nyuma. Akamwondoa farasi huyo, akala kitunda, malkia akabaki wazi. Askofu akamla. Hatua mbili baadaye mfalme mweusi alikuwa amefungwa na farasi wawili na askofu mmoja. Mpinzani angemla farasi badala ya malkia, hasara yake ingekuwa kitunda kimoja tu.

Mchezo unaonivuta zaidi ulichezwa Marshall Chess Club, New York, tarehe 17 Oktoba 1956. Donald Byrne, mwenye miaka 26, alishika nyeupe. Mbele yake alikaa Bobby Fischer, mtoto wa miaka 13. Mfalme wa Byrne alikuwa amekwama f1, ngome ya h1 haina pa kutokea. Hatua ya 17, Fischer akasogeza askofu hadi e6, akamwacha malkia b6 aliwe.

Byrne angefanya nini? Angemla yule askofu, cheki zingefuatana hadi Fischer amtoe malkia f1, kisha farasi amfunge mfalme aliyezibwa na kete zake mwenyewe. Basi akamla malkia. Askofu wa Fischer akala c4 kwa cheki, farasi akaanza kwenda na kurudi, mfalme akihama kati ya f1 na g1: cheki tano mfululizo. Njiani farasi alichukua kitunda cha d4, akatua c3. Ndipo kitunda cha Fischer kikamla askofu aliyemla malkia, na kwa hatua hiyohiyo kikaifungulia ngome njia ya kumshambulia malkia wa Byrne pale a3. Ona subira ya mtoto huyu: askofu yule angeweza kuliwa mapema, akaachwa mpaka kuliwa kwake kulipe mara mbili. Baada ya hatua mbili ngome ya d1 nayo ikaenda. Kwa malkia wake Fischer alipata ngome, maaskofu wawili na kitunda.

Wako wanaomlaumu Byrne kwa kumla malkia. Mimi simlaumu. Kosa lilikuwa hatua ya 11, alipopeleka askofu g5 huku mfalme wake hajapata hifadhi. Kufikia hatua ya 18, kula na kutokula zilikuwa hasara mbili, naye akachagua ile iliyompa muda.

Mwandishi wa sataranji Hans Kmoch aliuita mchezo huo Mchezo wa Karne. Byrne angeweza kukubali kushindwa mapema; akaendelea hadi hatua ya 41, na kwa hilo namshukuru. La sivyo tusingeona ngome, maaskofu wawili na farasi wakishirikiana kumsukuma mfalme kutoka g1 hadi c1, na malkia mweupe, aliye hai bado pale b8, asiwe na cheki hata moja ya kutoa.