Nani Analipia Mwanga wa Gemu?

Gemu ya Quake ilipotoka mwaka 1996, vivuli vya mahandaki yake vilikuwa vimeshakokotolewa kabla mchezaji hajagusa kibodi. Hesabu nzito ilifanyika id Software, studio iliyoiunda, matokeo yakahifadhiwa kama ramani za mwanga za kutandazwa juu ya kuta na sakafu, na kompyuta ya nyumbani ikabaki na kazi nyepesi ya kuzisoma. Mbinu hiyo ilifika mbali. Assassin's Creed Unity ya mwaka 2014 iliipa Paris mwanga ambao bado unapendeza, tena kwenye PlayStation 4, konsoli iliyoanza kuuzwa kwa dola 399. Gharama ya mwanga ilibebwa na studio. Ila jua la Unity halitembei angani: saa za mchana na usiku ni chache zilizoteuliwa, kwa sababu kila saa ilidai hesabu yake upya.

4A Games, studio iliyoanzia Kyiv, iligeuza mpango huo. Gemu yake Metro Exodus ilitoka 2019. Mwaka 2021 likaja toleo jipya la gemu hiyo lililotupa mwanga wa zamani na kukokotoa wote papo hapo, kwa kufuatilia miale inavyogonga vitu na kurudi. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16 na kitu tu, hivyo kufuata kila mwale hadi ufifie hakuwezekani. Wakafanya ujanja, na huu ndio ufundi hasa: hurushwa miale michache, chenga zake husafishwa kwa msaada wa fremu zilizotangulia, na mwanga uliokwisha kukokotolewa huwekwa akiba ili fremu inayofuata iuendeleze. Ukutani, mwanga hudunda tena na tena bila mashine kulipia midundo yote kwa mkupuo. Toleo hilo liliingia hata kwenye Xbox Series S, iliyozinduliwa kwa dola 299.

Hapo ndipo hesabu ya mnunuzi inapobadilika. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 haikubali kompyuta isiyo na kadi ya kufuatilia miale, lakini Series S inaicheza. Studio huthubutu kuacha mbinu ya zamani pale tu konsoli dhaifu inapoweza kuubeba mwanga mpya; kwa hiyo mwanga wenyewe unapatikana kwenye bei ya chini. PS5 Pro, iliyotoka kwa dola 699 bila hata kisomadiski, huongeza zaidi ukali wa picha na uthabiti wa fremu. Atakayepinga atasema picha ya Series S ina ukungu, na kwenye skrini kubwa ya 4K ana haki. Kwenye televisheni ya kawaida ya 1080p, hata hivyo, sehemu kubwa ya pesa ya Pro inapotelea njiani, kwa hiyo konsoli na televisheni zipangiwe bajeti moja. Wengine watashauri kungoja bei ishuke, kama PS4 ilivyofika dola 299 mwaka 2016. Ushauri huo ulifaa enzi zile. Kizazi hiki bei za PS5 na Xbox zimepanda baada ya uzinduzi, na anayengoja analipishwa kungoja kwake.