"NILIKUWAKO": MASIMULIZI YA WASHABIKI WA MUZIKI NA NAFASI YAO KATIKA FASIHI SIMULIZI

1. Utangulizi

Uhakiki wa muziki wa Kongo umekuwa kwa muda mrefu uhakiki wa maneno ya nyimbo na wa maisha ya wasanii. Yameandikwa mengi juu ya Franco, Tabu Ley na Papa Wemba. Nyimbo zao zimefasiriwa, na santuri zao zimepangwa mwaka baada ya mwaka. Lakini ipo sanaa nyingine inayozaliwa kando ya muziki huo, isiyochapishwa wala kulipiwa: masimulizi ya mshabiki aliyetoka kwenye tamasha na kuwaeleza wenzake aliyoyaona na kuyasikia.

Katika mji kama Lubumbashi masimulizi hayo yana uzito wa pekee. Matamasha makubwa ya wanamuziki wetu hufanyika Kinshasa, na siku hizi Paris au Brussels. Wengi wetu huyapokea kupitia kinywa cha mtu aliyekwenda. Hivyo, kwa hadhira ya huku, tamasha ni masimulizi kabla halijawa muziki.

Makala hii inakusudia mambo matatu. Kwanza, kuuliza masimulizi haya ni ya utanzu gani. Pili, kueleza muundo wake. Tatu, kupima uzuri na kasoro zake kwa kuyatazama yanapokutana na jambo zito kuliko yote, yaani kifo. Sehemu hii ya tatu ndiyo iliyotusukuma kuandika.

2. Suala la utanzu

M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alizigawa tanzu hizo katika mafungu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Kwa mtazamo wa haraka, maneno ya mshabiki yangewekwa katika fungu la mazungumzo, chini ya soga, kwa kuwa husemwa penye vinywaji, kituoni au uani, na huwachekesha watu. Lakini soga haidai kuaminiwa, ilhali mshabiki hudai. Anayemkatiza kwa kumwambia kwamba anatunga huwa amemtukana.

Kwa sababu hiyo tunaona kuwa masimulizi haya yamesimama mpakani. Kwa umbo ni soga. Kwa madai yake ni kumbukumbu, yaani ni jamaa ya masimulizi ya kihistoria. Mpaka huo una maana kwa mhakiki. Soga huhukumiwa kwa utamu wake tu. Kumbukumbu hupimwa kwa utamu, kisha huulizwa: je, imetunza iliyopaswa kuyatunza?

3. Muundo wa masimulizi

Anayesikiliza kwa makini atatambua hatua nne zinazorudiwa na wasimulizi walio mbalimbali.

Hatua ya kwanza ni kiapo cha kuwako. Kiswahili sanifu kingesema "nilikuwako". Msimulizi wa Lubumbashi husema kwa nguvu zaidi: "miye njo nilikuwaka kule". Neno "njo" linamtenga yeye na wasiokwenda. Kiishio "-ka" kinaliweka jambo katika wakati uliokwisha kupita. Vijineno hivi viwili ndivyo muhuri wa ushahidi.

Hatua ya pili ni njia na mlango: nauli, foleni, askari, tiketi, mtu aliyetaka kuingia bure. Hatua ya tatu ni umati. Ukubwa wa msanii haupimwi kwa sauti yake kwanza, bali kwa wingi wa watu na jinsi walivyobanana. Hatua ya nne ni jukwaa lenyewe: saa msanii alipotokea baada ya kungojewa sana, wimbo uliofungua, mavazi, magitaa, na hasa miito ya atalaku, yule mpiga kelele za kuchochea ngoma aliyepata nafasi yake katika Zaïko Langa Langa tangu miaka ya 1980. Hapa msimulizi huacha kusimulia akaanza kuigiza: husimama, hunengua kiuno, hubadili sauti. Masimulizi huingia katika maigizo, na mpaka mwingine wa tanzu huvukwa.

Jambo la lugha linastahili kutajwa. Nyimbo zenyewe huwa za Kilingala kwa sehemu kubwa, lakini masimulizi ni ya Kiswahili. Msimulizi hafasiri neno kwa neno. Huacha mwito wa Kilingala kama ulivyo, kisha huuzungushia maelezo ya Kiswahili. Mji uliowahi kuwa na muziki mkubwa wa Kiswahili (tukumbuke kwamba Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952) sasa unaupokea muziki wa Kinshasa na kuufanya wake kwa njia ya masimulizi. Tusiuone huo kuwa unyonge. Hadhira isiyopewa nyimbo kwa lugha yake imejitungia utanzu kwa lugha yake.

4. Mlango wa Paris na mlango wa Kinshasa

Hatua ya pili, ile ya mlango, ndiyo kipimo chetu. Tuchukue mifano miwili inayomhusu msanii mmoja, Fally Ipupa.

Tarehe 28 Februari 2020 alipiga muziki katika ukumbi wa Bercy, Paris. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, Wakongo wa ughaibuni wanaoitwa "combattants" walikuwa wakizuia matamasha ya wanamuziki waliowaona kuwa karibu na watawala wa Kinshasa. Siku hiyo walikusanyika tena, na moto uliwashwa karibu na kituo cha reli cha Gare de Lyon. Tamasha likafanyika hata hivyo. Katika masimulizi ya waliokwenda, mlango huchukua nafasi kubwa, wakati mwingine kuliko nyimbo: moshi, polisi, njia za kuzunguka, hofu ya kutambuliwa. Kwa nini? Kwa sababu mlango ulikuwa mahali pa ushujaa. Aliyeingia alishinda kitu.

Tarehe 29 Oktoba 2022 msanii huyohuyo alipiga muziki katika Stade des Martyrs, Kinshasa. Uwanja huo hutajwa kuwa na nafasi 80,000. Watu walikuja kupita kiasi, msongamano ukatokea, na serikali ilitangaza vifo vya watu 11. Hapa masimulizi hubadilika ghafula. Kiapo kipo, umati upo, jukwaa lipo, mlango umetoweka. Msimulizi anaruka kutoka nyumbani hadi ndani ya uwanja. Akiulizwa juu ya waliokufa hujibu kwa tarakimu tu, kisha hurudi kwenye wimbo aliouachia njiani.

Tusiharakishe kumwita mtu huyu katili. Wengi waliokuwa ndani hawakujua lolote hadi walipotoka au hata kesho yake. Lakini mhakiki hana budi kutambua kwamba tatizo ni la utanzu pia. Hebu tulitazame tamko hili: "uwanja ulijaa kupita kiasi". Katika kinywa cha mkuu wa serikali anayetafuta wa kulaumu, ni shtaka. Katika kinywa cha mshabiki, ni sifa. Maneno ni yaleyale. Utanzu uliozoea kupima ukuu kwa kubanana hauna chombo cha kueleza kubanana kunakoua. Msimulizi akisema ukweli kuhusu mlango, anaiharibu hatua ya tatu. Akiitunza hatua ya tatu, hana budi kuufunga mlango.

Katika uwanja huohuo, miezi 21 baadaye, tarehe 27 Julai 2024, msongamano mwingine ulitokea kwenye tamasha la mwimbaji wa nyimbo za dini, Mike Kalambay. Gavana wa Kinshasa alitangaza vifo vya watu 7. Safari hii masimulizi yaliazima umbo jingine, lile la ushuhuda wa kanisani: nilibanwa, nikaomba, Mungu akanitoa. Mlango umerudi, na hayo ni maendeleo. Lakini ushuhuda humhitaji mtu mmoja aliyeokoka. Wasioookoka huwa giza la nyuma linalofanya nuru yake ing'ae.

5. Nani mwenye jina?

Tulinganishe na kifo cha Papa Wemba. Alianguka jukwaani mjini Abidjan, katika tamasha la FEMUA, tarehe 24 Aprili 2016, akiwa na umri wa miaka 66. Onyesho lilikuwa likirushwa kwenye televisheni, na watu wasiohesabika wakageuka mashahidi bila kuondoka nyumbani. Masimulizi ya kifo hicho yana utajiri wa kila namna: alivyosimama, alivyoanguka nyuma ya wachezaji, jinsi wachezaji walivyoendelea kwa kitambo kabla ya kutambua. Hata wasiokuwako huyasimulia kana kwamba walikuwako. Kifo cha msanii kina mahali, wakati, mavazi na mwendo. Kifo cha mshabiki kina hesabu.

Tofauti hii inashangaza zaidi tukikumbuka desturi ya "mabanga", yaani kutaja majina ya watu ndani ya nyimbo, mara nyingi kwa malipo. Huenda hakuna muziki duniani unaotaja majina mengi ya watu walio hai kuliko wetu. Mshabiki huyajua majina hayo kwa moyo: wafanyabiashara, wanasiasa, wakaao Ulaya. Anaweza kuyataja kwa mfuatano bila kukosea. Lakini katika masimulizi yake ya Oktoba 2022 hakuna jina hata moja la aliyebaki mlangoni. Tunasema haya juu ya masimulizi, wala si juu ya msanii, ambaye hatumhukumu hapa.

Nao uwanja wenyewe una jina la wafu. Ulifunguliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola; mwaka 1997 ukaitwa kwa heshima ya mashahidi wa Pentekoste, ndio wanasiasa wanne walionyongwa hadharani Juni 1966: Évariste Kimba, mtoto wa Katanga, pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Taifa liliona kuwa mahali panaweza kutunza kumbukumbu ya waliokufa. Masimulizi yanaweza pia.

6. Pingamizi mbili

Huenda msomaji akasema: haya si fasihi, ni porojo za vijana. Tunajibu kwamba maigizo ya kundi la Mufwankolo nayo yaliwahi kuonekana kuwa mchezo tu, hadi wataalamu kama Walter Schicho na Johannes Fabian walipoyanakili na kuyachambua jinsi yalivyosemwa, katika Kiswahili cha mji huu. Heshima ya utanzu haishuki kutoka juu. Huanza pale mtu anapoketi na kusikiliza.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Kuna haja gani ya masimulizi? Lakini tuangalie simu hizo zilielekezwa wapi. Zilielekezwa jukwaani. Maelfu ya picha huonyesha taa zilezile na msanii yuleyule, nao mlango ulikuwa nyuma ya migongo ya wapiga picha. Picha hufuata jicho. Masimulizi yanaweza kugeuka nyuma, na uwezo huo ndio unaotufanya tuyadai mengi.

7. Hitimisho

Hukumu yetu basi ni hii. Masimulizi ya washabiki ni utanzu hai wa Kiswahili cha Kongo: yana kiapo chake, hatua zake, lugha yake na maigizo yake. Uzuri wake ni kuwashirikisha wasiokwenda, hata wakatoka jasho kwa ngoma wasiyoisikia. Kasoro yake ni kuukuza umati na kuwasahau watu. Kasoro hiyo haiko katika ulimi wa msimulizi peke yake. Imo pia katika hadhira. Tunaosikiliza huuliza wimbo uliofungua. Ni nadra kuuliza njia ya kutokea. Mulokozi aliihesabu hadhira miongoni mwa mambo yanayoitawala fasihi simulizi, pamoja na fanani, fani, tukio, mahali na wakati. Ikiwa hadhira hutawala, basi hadhira huwajibika.

Kwa hiyo tunawapendekezea wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi zao mambo mawili. La kwanza ni kunakili masimulizi haya bila kuyasahihisha. Anayebadili "njo nilikuwaka" kuwa "nilikuwa" ameondoa muhuri wa shahidi na kubakiza habari tu. La pili ni kuuliza, baada ya msimulizi kumaliza na kicheko kutulia, maswali matatu: uliingiaje, ulitokaje, nani uliyekuja naye? Mara nyingi jibu litakuwa fupi na la furaha. Pengine halitakuwa hivyo, na hapo mnakili asizime kinasa sauti.