Sifa za Mwenye Kusubu

Shule nyingi za Oicha, hapa Kivu Kaskazini, na za vijiji vya jirani hazina kengele, zina janti. Janti (ringi ya gurudumu) la lori lililochoka huning'inizwa kwenye tawi la mwembe, mwanafunzi wa zamu akaligonga kwa kipande cha ferabeto, yaani nondo, na mlio ukafika hadi mashamba ya kakao. Makanisa mengi nayo huita waumini hivyo hivyo. Wambuti, majirani zetu wa msituni, wana ufundi wao: mbwa wao wa kuwindia, ambao si wepesi wa kubweka, huvalishwa shingoni kengele ya mti ili mwindaji ajue mbwa yuko upande gani wa kichaka. Mtu wa huku hahitaji kufundishwa kwamba kinacholia vizuri chaweza kuwa kengele.

Hata hivyo, kengele iliyosubiwa iwe kengele ni kitu kingine, na katika jambo hili mafundi wa India nawaonea wivu. Madini yao ya kengele ni ndoa ya shaba nyekundu na bati, yaani bati lenyewe la migodini, wala si mabati ya kuezekea. Katika kila kilo mia, shaba huwa kama 78 na bati kama 22. Shaba peke yake ni laini na mlio wake ni mfupi. Bati ni laini zaidi. Ukiyachanganya, unapata kitu kigumu, chenye rangi ya asali, ambacho ukikigusa kwa ukucha kinaimba. Ugumu huo una bei yake: kikianguka kwenye jiwe, hupasuka.

Kule Mannar, katika jimbo la Kerala, fundi huanza na udongo. Anafinyanga umbo la ndani, analivika nta kwa unene uleule anaotaka chombo kiwe nao, kisha anaifunika nta kwa tabaka za udongo, ya kwanza laini kabisa, zinazofuata za kukwaruza. Kalibu ikiisha kukauka, inachomwa, nta inayeyuka na kutoka, na pale palipokuwa na nta panamiminwa madini. Ili kukitoa chombo, kalibu lazima ivunjwe. Sarthebari, huko Assam, wanapita njia nyingine: wanasubu donge nene, wanalitia motoni mpaka liwe jekundu, kisha wanaume kadhaa wanalizunguka na kulipiga nyundo kwa zamu mpaka liwe sahani. Madini haya yakiwa baridi huvunjika kama kioo. Yakiwa mekundu hukubali nyundo. Nafasi ya kupiga ni fupi, na anayechelewesha zamu yake anaharibu kazi ya wenzake wote. Ningeambiwa nichague, ningekwenda kwanza kuwatazama hawa wa Assam.

Jambo linaloudhi ni kwamba madini yote mawili ni yetu. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba, na bati linatoka hapa hapa Kivu Kaskazini, Bisie, katika Walikale, ambako mgodi mkubwa wa kisasa ulianza kuzalisha mwaka 2019. Yote mawili yanaondoka nchini bila kupita mikononi mwa msubu wetu. Wala hatukuwa wageni wa kazi hiyo. Watu wa Katanga walisubu shaba kwa umbo la msalaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Walinunua vitu kwa misalaba hiyo na kuzikwa nayo, na Katanga ilipojitenga mwaka 1960 ilichora mitatu kwenye bendera yake. Pwani nako, Lamu ina siwa yake ya shaba, baragumu iliyosubiwa kwa nta kama vyombo vya Kerala, na mpaka leo imo katika makumbusho ya mji huo.

Sisi tulichobaki nacho ni alumini. Kutoka Butembo hadi Bunia wako mafundi wanaosubu masufuria kwa vyuma chakavu, na wengi wetu tunapita mbele ya nyua zao bila kugeuza shingo. Nataka kuwasifu hao.

Kazi yao kubwa ni mchanga. Si mchanga wowote: lazima uwe laini, wenye udongo kidogo wa kuushikanisha, uliochekechwa na kunyunyiziwa maji kwa kipimo. Kipimo chenyewe ni ngumi. Fundi anafumbata mchanga, anafungua kiganja, anaukata ule mviringo katikati. Ukikatika safi, kingo zisimomonyoke, umekubali. Ukiwa na maji mengi, madini yakimwagwa yatachemsha maji hayo, mvuke utatafuta njia ya kutokea, na sufuria itajaa vitundu, au alumini itarukia miguu ya watu. Ukikauka mno, kalibu itaporomoka. Mchanga huo hautupwi. Hutumika tena na tena mpaka unakuwa mweusi, na fundi anaupenda zaidi ukiwa mweusi.

Sufuria ya mfano inafunikwa chini juu, inazungushiwa fremu ya mbao, inapakwa majivu yaliyochujwa kwa kitambaa ili mchanga usigande, kisha mchanga unashindiliwa pande zote, nje na ndani. Sasa ndipo roho inaposimama: fremu inafunguliwa, mfano unatolewa, na fremu inarudishwa pale pale ilipokuwa. Kati ya mchanga wa nje na wa ndani panabaki uwazi wa milimita chache. Uwazi huo ndio sufuria. Kidole kikigusa mahali pamoja tu, kazi inaanza upya, na hakuna anayemlaumu mwenzake kwa sauti kubwa.

Motoni kuna makaa, na feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, mara nyingi na kijana anayetamani siku moja ashike yeye ule upawa. Ndani ya chungu cha chuma zimo pistoni, karteri (maganda ya injini) za pikipiki, masufuria yaliyotoboka. Pistoni hupendwa, kwa sababu alumini yake imetiwa silikoni na hutiririka vizuri hadi pembeni. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ina hila moja: mchana haionyeshi wekundu wa kutosha kama chuma. Inakaa pale inang'aa kama maji, huwezi kujua kwa macho kama imeiva. Fundi anachovya ferabeto: madini yakigandia, bado; yakiteleza yakaiacha safi, tayari. Anaondoa takataka za juu, anainua, anamimina kwa mkupuo mmoja. Akisita, hata kwa pumzi moja, mkondo wa kwanza utakuwa umeanza kuganda kabla wa pili haujafika, na pale mikondo hiyo inapokutana patabaki mstari ambao siku moja utakuwa ufa.

Sufuria hii ni nzito. Juu ya mafiga matatu haiyumbi mama anapousonga bugali kwa nguvu zote, tofauti na zile nyembamba zinazoingia kupitia mpaka wa Kasindi, ambazo hubonyea mwezi wa kwanza. Tangu mauaji ya raia yaanze huku kwetu mwaka 2014, watu wa upande wa Eringeti na Mbau wamekimbia mara ngapi kuja Oicha? Tazama kilichofungwa kwenye pikipiki: godoro, mtoto, sufuria.

Sifa isizibe macho. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kupima masufuria ya namna hii kutoka Kameruni, wakakuta yanatoa madini ya risasi yakitiwa maji yenye uchachu, kiasi cha kuweza kuingia kwenye chakula, na tujue nyanya na ndimu ni vitu vya kila siku jikoni. Risasi haina kiwango kilicho salama kwa mtoto. Inaudhuru ubongo wake polepole. Inaingia kwa njia ya chakavu: radieta zenye mabaki ya kulehemu, vipande vya betri, chochote kilichochanganywa gunia moja ili kijazie uzito. Msubu mwema anajulikana hapo, kabla ya moto kuwaka, kwa vitu anavyovitupa nje ya gunia. Hilo wazee wa Kerala wanalijua pia: wote wanaosubu chombo cha chakula huanza kwa kuchagua.

Kazi hii hakuna anayeitolea cheti. Kijana anaanza kwa kuchekecha mchanga, baada ya muda mrefu anaruhusiwa kushindilia, na ipo siku anakabidhiwa upawa. Ningefurahi kuona shule zetu za ufundi zinamwalika mtu kama huyo afundishe, na kumlipa kama mwalimu, na kumpatia kipimo cha risasi pamoja na chaki.

Nawe ukienda kununua, igeuze sufuria utazame kovu lililopo chini, pale madini yalipoingilia. Likiwa limepigwa tupa vizuri, mtu huyo ana subira. Igonge kwa kifundo cha kidole. Yenye ufa hujibu kwa sauti butu. Kisha muulize fundi ameyeyusha nini. Akikuonyesha gunia lake bila kusitasita, usimwombe apunguze bei.